DPF, EGR na AdBlue: vifaa vya dizeli vinavyolaumiwa bila kueleweka

Mtu akinunua leo gari la dizeli lililotumika Japani, au lori lililotumika Ulaya, haipiti miezi mingi kabla hajasikia ushauri wa kila aina. Fundi mmoja atamwambia DPF ikatwe. Mwingine atataka EGR izibwe kwa bati kabla haijaua injini. Dereva mwenzake atamhakikishia kwamba AdBlue ni dawa ya kuipa dizeli nguvu, na kwenye kundi la WhatsApp hakosekani anayeapa kuwa mbolea ya urea iliyokorogwa kwa maji ya bomba hufanya kazi ileile kwa bei ndogo. Ushauri huu unasambaa kwa sababu taa ikishawaka kwenye dashibodi na gari likakosa nguvu, mwenye gari anataka jibu la siku hiyohiyo. Wachache humkalisha wakamweleza vifaa hivi vinafanya nini. Makala hii inavieleza kimoja baada ya kingine, maana vingi vinavyoishia kwenye msumeno wa gereji havikuwa na kosa.

Tuanze na majina. EGR ni bomba na vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini. Masega ni kile kipande cha kauri chenye vitundu vingi kilichopakwa madini ya kuchochea mabadiliko ya kikemia ndani ya ekzosi. DPF ni chujio la masizi. SCR ni mfumo unaonyunyizia kimiminika cha urea kwenye moshi ili kuvunja gesi zenye sumu, na kimiminika chenyewe ndicho watu wengi wanachokijua kwa jina la AdBlue. Si kila gari lina vyote. Kadiri gari lilivyo la miaka ya karibuni, ndivyo linavyoelekea kuwa navyo vyote, na vyote huongozwa na kompyuta ya injini pamoja na sensa za joto, presha na gesi.

Dizeli inaungua vipi

Injini ya petroli huwasha mchanganyiko wa hewa na mafuta kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haihitaji cheche. Pistoni huibana hewa peke yake mpaka ujazo wake unapungua mara 14 hadi 20 hivi, na hewa iliyobanwa kiasi hicho hupanda joto kupita nyuzi 500 za Sentigredi. Hapo ndipo nozeli inapopuliza dizeli kwa presha kubwa, na dizeli inajiwasha yenyewe.

Uchomaji wa namna hii hubana mafuta na huipa injini nguvu ya kuvuta mzigo, na ndiyo maana malori, mabasi, matrekta na meli hutumia dizeli. Lakini una tabia mbili mbaya zinazokwenda pamoja. Katikati ya mnyunyizo wa nozeli mafuta ni mengi na hewa haijafika vizuri, hivyo mafuta hayaungui yakaisha. Aliyewahi kutumia kibatari anajua matokeo yake: ukipandisha utambi kupita kiasi, mwali unarefuka na kuwa mwekundu, na dari inageuka nyeusi. Yale ndiyo masizi. Pembezoni mwa mnyunyizo huohuo mambo ni kinyume, hewa ni nyingi na moto ni mkali mno. Hewa tunayovuta ni nitrojeni kwa asilimia 78, gesi tulivu isiyopenda kuungana na kitu. Moto unapopita nyuzi 1,500 hivi, utulivu huo unavunjika, nitrojeni inashikana na oksijeni na kuzaa oksidi za nitrojeni, zinazoandikwa kwa kifupi NOx.

Kwa hiyo moshi wa dizeli una wachafuzi wanne wa kuangaliwa: masizi, NOx, kaboni monoksidi, na hidrokaboni, yaani mabaki ya dizeli ambayo hayakuungua. Viwili vya kwanza ndivyo vigumu. Chembe nyingi za masizi ya dizeli hazifiki hata maikromita moja kwa upana, wakati unywele wa binadamu una takriban maikromita 70, kwa hiyo zinapita puani na kooni bila kuzuiwa na kwenda kutua ndani kabisa ya mapafu. NOx huwasha njia ya hewa, huwatesa zaidi wenye pumu na watoto, na ikipigwa na jua husaidia kutengeneza ozoni ya chini, ile inayokausha koo katika miji yenye foleni. Mwezi Juni 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kundi lenye tumbaku na asbesto.

Hapa tuondoe dhana ya kwanza. Wengi hupima usafi wa gari kwa macho: halitoi moshi mweusi, basi ni safi. Jicho linaona masizi yakiwa mengi tu. NOx nyingi inayotoka kwenye ekzosi haionekani. Lori linaweza kupanda mlima bila dalili ya wingu nyuma yake na bado likawa linamwaga NOx nyingi kuliko gari la zamani linalotoa moshi kidogo. Tena, hakuna hata kifaa kimoja kati ya tunavyovijadili kinachopunguza hewa ya ukaa. Hiyo hupungua pale tu gari linapochoma mafuta machache.

Fundo lenyewe

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mhandisi asitengeneze injini inayochoma vizuri tu, mambo yakaisha. Tatizo ni kwamba masizi na NOx vinavutana. Ukiongeza joto la moto ili masizi yaungue yote, NOx inapanda. Ukipoza moto ili NOx ishuke, masizi yanarudi. Mazda walipotoa injini yao ya dizeli ya lita 2.2 mwaka 2012, walishusha mbano hadi 14 kwa 1 ili moto uenee taratibu na kwa usawa zaidi, wakaweza kufikia viwango vya wakati ule bila kutumia urea. Hata hivyo chujio la masizi hawakuweza kuliacha.

Petroli iliponea fundo hili. Masega ya gari la petroli hushughulikia sumu tatu kwa mkupuo kwa sababu injini yake hupimiwa hewa inayotosha kuchoma mafuta tu, haibaki oksijeni ya ziada. Dizeli huvuta hewa nyingi kuliko inayohitaji, na oksijeni inayobaki huyazuia masega ya aina hiyo kuivunja NOx. Ndiyo sababu dizeli ikahitaji msururu wa vifaa, kila kimoja na kazi yake, na kila kimoja kikitegemea kilichotangulia.

Sheria ndizo zilizousukuma msururu huu barabarani. Kiwango cha Ulaya cha moshi wa magari kiitwacho Euro 3, cha mwaka 2000, kiliruhusu gari dogo la dizeli kutoa gramu 0.50 za NOx kwa kilomita. Euro 6, iliyoanza mwaka 2014, inaruhusu gramu 0.08. Masizi yaliyoruhusiwa na Euro 1 mwaka 1992 yalikuwa gramu 0.14 kwa kilomita, na kufikia Euro 5 yalishuka hadi gramu 0.005 hivi. Japani, tunakotoa magari mengi, nayo ilibana. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alisimama mbele ya waandishi wa habari akitikisa chupa ya plastiki iliyojaa masizi ya dizeli, na kuanzia Oktoba 2003 Tokyo na mikoa jirani ya Saitama, Chiba na Kanagawa ilipiga marufuku malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango cha masizi. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko lile huja na vifaa vyake. Prado ya dizeli ya lita 2.8 iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2015, kwa mfano, ina DPF na tanki la urea.

EGR na sifa yake mbaya

Kazi ya EGR ni kupoza moto ndani ya silinda. Inachukua moshi uliokwisha kuungua, kwa kawaida inaupitisha kwanza kwenye kipozeo chenye maji ya rejeta, kisha inauchanganya na hewa mpya inayoingia. Moshi huo una oksijeni chache, na hewa ya ukaa pamoja na mvuke uliomo hunyonya joto. Moto unatulia, NOx inashuka.

Mafundi wanaoichukia EGR wana hoja ya kweli. Moshi unaorudishwa una masizi, na masizi yakikutana na mvuke wa oili unaotoka kwenye kasha la injini, yanatengeneza lami nyeusi inayoganda kwenye njia ya hewa na kwenye vali yenyewe. Ukifungua njia ya hewa ya injini iliyotembea kilomita laki mbili utaona tundu lililobaki nusu. Kwa hiyo anayesema EGR huchafua injini hasemi uongo. Asiyosema ni kwamba uchafu huo huongezeka sana pale nozeli zinapovuja, tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini) inapopitisha oili au gari linaposhinda likinguruma palepale kwenye foleni, na kwamba njia ya hewa husafishika.

Anayesema EGR inakula nguvu, huyo anakosea. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho, kompyuta huifunga vali ili injini ipate hewa yote. EGR hufanya kazi zaidi unapotembea taratibu bila mzigo mkubwa. Inayoiba nguvu ni vali iliyokwama ikiwa wazi kwa sababu ya lami, na dalili yake ni moshi mweusi na gari kuchelewa kuitikia. Ikikwama ikiwa imefungwa, au ikizibwa kwa bati, gari litakwenda, pengine kwa furaha ya dereva, huku NOx ikipanda na wanaoipokea wakiwa abiria wa kituoni. Dalili nyingine ya kutodharauliwa ni maji ya rejeta kupungua bila kuvuja popote huku ekzosi ikitoa mvuke mweupe. Inawezekana kipozeo cha EGR kimepasuka, na maji yanaingia kwenye injini.

Masega na chujio

Moshi ukitoka kwenye injini hukutana na masega. Ya dizeli yamepakwa platinamu na paladiamu, nayo huichoma kaboni monoksidi na hidrokaboni kuwa hewa ya ukaa na maji. Yana kazi ya pili ambayo watu wengi hawaijui: hugeuza sehemu ya NOx kuwa nitrojeni dioksidi, gesi inayosaidia kuchoma masizi ndani ya chujio linalofuata. Anayeng'oa masega ili kuyauza kwa madini yake na kuliacha chujio, amelihukumu chujio hilo kuziba.

DPF ya kisasa ilianza kufungwa kiwandani kwenye gari dogo mwaka 2000, kwenye Peugeot 607. Ni kauri yenye mifereji mingi myembamba iliyozibwa kwa zamu: mmoja umezibwa mwisho wake, jirani yake umezibwa mwanzo. Moshi ukiingia kwenye mfereji unakuta hakuna pa kutokea, inabidi upenye kwenye ukuta wa kauri kwenda mfereji wa pili. Gesi inapita, masizi yanabaki. Chujio zima hukamata zaidi ya asilimia 95 ya uzito wa masizi.

Chujio lolote hujaa, na hili hujisafisha kwa kuyachoma masizi yake, kwa njia mbili. Ya kwanza haina kelele wala taa. Gari likiwa barabara kuu na mzigo wa kutosha, moshi hufika nyuzi 300 hadi 400, na ile nitrojeni dioksidi kutoka kwenye masega huyala masizi polepole. Lori linalopanda mlima wa Kitonga likiwa limebeba hujisafisha hivi bila dereva kujua. Ya pili ni ya makusudi. Sensa hupima tofauti ya presha kabla na baada ya chujio, na kompyuta ikiona limeelekea kujaa, hupuliza dizeli ya ziada baada ya moto wa kawaida kupita. Dizeli hiyo hutoka ikiwa haijaungua, inaungulia kwenye masega, na joto la chujio linapanda hadi nyuzi 600 hivi. Kwa dakika kama 10 hadi 20 masizi yanageuka hewa ya ukaa.

Matatizo ya mjini yanaanzia hapa. Gari linaloondoka Sinza kwenda Posta, jijini Dar es Salaam, kwenye foleni, likazimwa, jioni likarudi vilevile, halipati joto la njia ya kwanza. Kompyuta inaanzisha njia ya pili, mwenye gari anafika nyumbani na kuzima. Kesho inaanza tena, inakatishwa tena. Kila mara ile dizeli ya ziada, sehemu yake huteremka kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili. Ukiona kijiti cha oili kinaonyesha kiwango kinapanda badala ya kushuka, usifurahi. Hiyo ni dizeli, oili imekuwa nyepesi, na wa kwanza kuumia ni tabo na beringi. Baadhi ya injini zina nozeli ya pekee kwenye ekzosi ili kuepuka jambo hili, lakini nyingi hazina.

Dalili kwamba gari linachoma masizi ni silensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) kupanda kidogo, feni kuzunguka kwa nguvu hata baada ya safari fupi, harufu ya joto, na ulaji wa mafuta kuongezeka kwa muda. Ukiziona, usizime. Taa ya DPF ikiwaka bila kumeta, kwa magari mengi dawa ni kulipeleka barabara iliyo wazi na kuliendesha kwa mwendo wa kutulia kwa takriban dakika 20. Dereva wa Dar anaweza kuelekea Kibaha, wa Nairobi akaenda na barabara ya Thika. Jambo moja la hatari: usiegeshe kwenye nyasi kavu wakati huo. Ekzosi yenye joto la namna hiyo huwasha moto, na wanaoendesha porini na mbugani wakati wa kiangazi wanapaswa kulishika hili.

Gari likishindwa kujisafisha mara nyingi, taa humeta, nguvu hupunguzwa na kompyuta, na hapo inahitajika mashine ya gereji ya kulazimisha uchomaji, au chujio kufunguliwa na kusafishwa kitaalamu. Kulipiga kwa maji ya presha kubwa au kulimwagia petroli na sabuni ni kuliharibu. Kauri hiyo hupasuka, na chujio lililopasuka halichuji.

Lakini kabla ya yote swali ni moja: kwa nini limejaa? Chujio huzalishiwa masizi na injini. Nozeli inayovuja, filta ya hewa iliyoziba, bomba la tabo lililotoboka, EGR iliyokwama, sensa ya joto iliyokufa, vyote hivi huongeza masizi au huzuia uchomaji. Kuna sababu nyingine tuliyojitengenezea wenyewe. Katika gereji zetu ni kawaida kuitoa themostati, kifaa kinachodhibiti joto la maji ya injini, kwa imani kwamba nchi yetu ni ya joto na injini itapoa vizuri zaidi. Injini isiyo na themostati huenda isifikie joto lake la kazi, na magari mengi hayaanzishi kuchoma masizi mpaka maji ya injini yafike joto fulani. Mwenye gari anabadilishiwa DPF kwa fedha nyingi, mpya nayo inajaa, na kumbe kilichokosekana ni kifaa cha bei ndogo kilichotupwa na fundi wa mwaka juzi.

AdBlue si mafuta

Jina AdBlue ni alama ya biashara ya chama cha watengeneza magari cha Ujerumani. Chenyewe ni urea safi asilimia 32.5 na maji yasiyo na madini asilimia 67.5, kwa vipimo vya kimataifa vya ISO 22241. Hakiingii kwenye injini kabisa. Kina tanki lake lenye mfuniko wa bluu, na hunyunyiziwa kwenye ekzosi. Kwenye moshi wa moto urea huvunjika kuwa amonia, kisha ndani ya masega ya SCR amonia inakutana na NOx, na kinachotoka ni nitrojeni ile tuliyoanza nayo, pamoja na mvuke wa maji.

Kwa hiyo haiongezi nguvu ya dizeli. Faida yake kwa injini ni ya kuzunguka: kwa kuwa NOx inashughulikiwa nje, mhandisi anaweza kuiacha injini ichome kwa moto mkali, itoe masizi machache na kubana mafuta. Ulaji wake ni takriban lita 3 hadi 6 kwa kila lita 100 za dizeli. Lori linalokunywa lita 40 kwa kilomita 100, kutoka Dar hadi Tunduma, safari ya kilomita zaidi ya 900, litatumia lita 11 hadi 22 hivi.

Sasa hiyo mbolea. Urea ya shambani ni kweli urea, lakini imebeba kemikali iitwayo biureti, na mara nyingi hutiwa nyingine kama formaldehidi ili isigande kwenye mfuko. Maji ya bomba au ya kisima yana kalsiamu, magnesiamu na chumvi. Mahindi hayajali. Masega ya SCR hayasamehe: madini hayo hukaa juu yake na kuyaua polepole, na nozeli ya urea, yenye tundu dogo sana, huziba. Anayeokoa fedha kwenye galoni anakuja kuzilipa mara nyingi kwenye masega.

AdBlue safi nayo huharibika ikitunzwa vibaya. Ikihifadhiwa kwenye nyuzi 30 hudumu takriban mwaka, kwenye 35 ni miezi sita hivi. Dumu lililoanikwa juani nje ya duka Tanga au Mombasa si la kuaminika, na dumu lililowahi kuwekwa oili halifai kuwekewa hata kidogo. Ikitokea imemiminwa kwenye tanki la dizeli, usiwashe hata swichi, kwa sababu pampu ikishaizungusha huganda na kula vyuma mpaka kwenye nozeli. Livutwe gari, tanki lifunguliwe. Chembe nyeupe unazoziona karibu na mfuniko wa bluu zisikutishe, ni urea iliyokauka, zifute kwa maji.

SCR nayo inataka joto, kama nyuzi 200 kwenda juu. Lori la masafa marefu halina shida. La kusambaza bidhaa mjini, linalosimama kila mtaa, huacha urea igande ndani ya ekzosi. AdBlue ikiisha, gari la soko la Ulaya hupunguziwa nguvu au hukataa kuwaka baada ya kuzimwa, kwa matakwa ya sheria ya kule. Ndipo vinapoingia vile visanduku vya kuidanganya kompyuta kwamba urea ipo na sensa ya NOx inasoma vizuri.

Udanganyifu wa aina hiyo haukuanzia kwetu. Tarehe 18 Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani iliishutumu Volkswagen kwa kuweka programu iliyotambua gari likiwa kwenye kipimo, ikawasha udhibiti wote, kisha ikaulegeza barabarani. Magari yalitoa NOx hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa, na kampuni ilikiri kwamba magari kama milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Yaliyofichua jambo yalikuwa vipimo vya barabarani vya watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia. Wengi walichukua kisa kile kama ushahidi kwamba vifaa hivi ni hadithi tu. Mimi nakisoma kinyume: vilipowashwa, magari yalifaulu kipimo. Vilizimwa kwa sababu kuviendesha kuna gharama ya urea, masizi na uchakavu, na aliyefanya hesabu aliona gharama hiyo ibebwe na mapafu ya wengine.

Mafuta na oili

"DPF haiwezi kuishi kwa dizeli ya Afrika" ni kauli iliyokuwa na ukweli mwingi zaidi zamani. Salfa ndiyo adui mkubwa wa masega, kwani huyafunika madini yake na kugeuka chembe na tindikali. Hadi mwishoni mwa 2014 kiwango kilichoruhusiwa Afrika Mashariki kilikuwa sehemu 500 za salfa kwa kila milioni au zaidi, kutegemea nchi. Tangu Januari 2015 Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zilihamia sehemu 50. Ulaya wanatumia 10 tangu 2009, kwa hiyo walitutangulia mbali, lakini hata kwa 50 chujio linaweza kufanya kazi likitunzwa.

Kinachovuruga ni uchakachuaji. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye dizeli, huenda yakaja na salfa yake, na hayalainishi pampu na nozeli inavyotakiwa. Nozeli zikichakaa, mnyunyizo unaharibika na masizi yanazidi. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (kemikali za utambulisho) kwenye mafuta Tanzania mwaka 2010 ili kuwabaini wachakachuaji, na Kenya mwaka 2018 iliyapandishia mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita kwa lengo hilohilo. Anayejaza kwenye madumu ya kando ya barabara asishangae DPF ikilalamika.

Oili nayo si oili tu. Viongezo vya oili vikiungua huacha majivu ambayo, tofauti na masizi, hayachomeki kwa joto lolote la kawaida, yanajikusanya kwenye chujio hadi siku litakapofunguliwa. Ndiyo sababu dizeli yenye DPF inataka oili yenye majivu machache. Tazama maandishi kwenye galoni: kwa magari madogo ACEA C3 au, kwa ya Kijapani, JASO DL-1, kwa malori ACEA E6 (au E8 iliyochukua nafasi yake mwaka 2022), API CK-4 au JASO DH-2. Fuata kitabu cha gari lako. Ukitumia inayofaa, majivu huchukua kilomita 150,000 au zaidi kabla hayajawa tatizo.

Ukishaamua kukata

Kinachofanyika gerejini ni hiki: chujio linatobolewa katikati au linaondolewa, na programu ya kompyuta inaandikwa upya ili isilitafute. Gari hupata nafuu papo hapo, na ndiyo inayozaa imani kwamba DPF ilikuwa inakula nguvu. Lakini lililolinganishwa ni gari lenye chujio lililoziba na gari lisilo na chujio. Chujio lenye afya huchukua nguvu kidogo kiasi kwamba dereva haihisi. Nozeli iliyokuwa inavuja bado inavuja, inapasha pistoni joto na kuosha oili ukutani mwa silinda, na sasa hakuna taa ya kumwonya mtu. Programu nyingi zinazoandikwa kienyeji huzima pia tahadhari nyingine, kwa hiyo hitilafu inayofuata itajitokeza injini ikiwa imeshaumia. Na yale masizi yanatoka, mbele ya mama anayeuza vitumbua kituoni na mtoto aliye mgongoni mwake.

Kwa anayenunua gari lililokwisha kutumika hapa nchini, kuna kipimo kisichohitaji mashine. Injini ikiwa imepoa, ingiza kidole au kitambaa cheupe ndani ya bomba la ekzosi. Dizeli yenye DPF nzima huacha bomba karibu safi, rangi ya chuma au kijivu. Kikitoka kimejaa masizi meusi, chujio limepasuka au halipo. Kisha ingia chini ya gari, tafuta alama ya kuchomelea kwenye kasha la chujio, na wakati wa kuwasha angalia kama taa zote za tahadhari zinawaka kwanza kabla ya kuzimika. Taa ambayo haiwaki hata sekunde moja ina mtu aliyeizima, na muuzaji anapaswa kukueleza sababu kabla hujatoa fedha.